Maombi na Tiba ya Mazungumzo Havigombani

Mkristo akiugua malaria huombewa, kisha hupelekwa zahanati, wala hakuna anayesema ameiacha imani. Akishikwa na sonona, mara nyingi huambiwa afunge, azidishe maombi na akemee pepo. Ubaguzi huu wa magonjwa hauna msingi katika Maandiko. Katika 1 Wafalme 19, nabii Eliya aliketi chini ya mretemu akamwomba Mungu amwondolee uhai. Malaika hakumshutumu kwa upungufu wa imani, bali alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Baadaye, huko Horebu, aliulizwa mara mbili anafanya nini pale, na mara zote mbili akaachwa aueleze uchungu wake wote. Mwisho alipewa kazi, na Elisha akawa mwenzake. Mungu aliuhudumia mwili wake na akamsikiliza.

Tiba ya mazungumzo nayo husimama juu ya kusikiliza huko, ila kwa utaratibu uliopimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, kwa kushirikiana na shirika la Kikristo la World Vision. Watu wazima walikutana kila wiki kwa wiki 16, wanawake kwao na wanaume kwao, wakazungumzia misiba, magomvi na misukosuko ya maisha. Waliowaongoza walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo. Tiba ilipokwisha, asilimia 6.5 tu ya waliohudumiwa walikuwa bado na sonona. Katika vijiji visivyopata huduma hiyo walikuwa asilimia 54.7.

Wapo wanaohofu kwamba mtaalamu wa tiba hiyo atamtoa muumini katika imani. Maadili ya kazi yake yanamkataza kubeza dini ya anayemhudumia, na muumini ana haki ya kutafuta mwingine maadili hayo yakikiukwa. Wengine husema mchungaji anatosha. Ni kweli mchungaji hahitaji kuondoka, lakini kutambua ugonjwa unaotaka dawa ni ujuzi unaosomewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kutoka Ghana na Nigeria uliwaunganisha wahudumu wa afya na waganga wa jadi na wa kidini. Wagonjwa wa akili waliohudumiwa kwa ushirikiano huo walipata nafuu zaidi kuliko wasiohudumiwa hivyo. Na aliyepona kwa maombi pekee amshukuru Mungu, ila ushuhuda wake usiwe sababu ya kumnyima mwingine tiba.

Mchungaji, muumini akikuambia anatamani kufa, omba naye, usimwache peke yake, na umfikishe hospitali siku hiyo hiyo.