Vanishi Imekataa Kukauka? Sikiliza Kwanza Upande wa Mbao

Sakafu ya mvule imepigwa msasa vizuri. Jumamosi fundi kapaka vanishi ya mafuta, kakwambia Jumatatu mtapita. Jumatatu unaweka mguu: inanata. Alhamisi bado inanata, na sasa ina vumbi na nyayo za paka. Unaanza kumshuku fundi. Kachakachua vanishi? Kazidisha tina? Inawezekana. Lakini kabla hujazuia hela yake, tuangalie kemia kidogo, kwa sababu huenda mkosaji ni mbao yenyewe.

"Kukauka" si neno moja

Nguo ikianikwa inakauka kwa sababu maji yanatoka. Shelaki nayo ni hivyohivyo: ni utomvu wa mdudu mdogo wa Asia, unayeyushwa kwenye spiriti, ukiupaka spiriti inaruka na utomvu unabaki. Kwisha.

Mafuta ya mbegu za kitani hayafanyi hivyo. Yenyewe hayatoi maji, yanavuta oksijeni kutoka hewani. Oksijeni inashambulia sehemu dhaifu za molekuli za mafuta, kisha molekuli zinashikana, moja na nyingine, mpaka kimiminika kinageuka wavu mgumu. Ukipaka mafuta hayo kwenye kioo, ukapima uzito leo na baada ya siku kadhaa, utakuta uzito umeongezeka! Vanishi nyingi za mafuta, pamoja na poliyurethani ya mafuta, zinategemea njia hiyohiyo.

Sasa mvule unaingiaje hapa?

Mvule unasifika kwa kukataa mchwa na kuvu. Haukataa kwa bahati. Ndani ya kiini chake mna kemikali za kujilinda, mojawapo ikiitwa kloroforini, jina lililotokana na jina la zamani la kisayansi la mti huu, Chlorophora. Kemikali za jamii hii zina tabia ya kudaka chembe zinazoendesha ule mnyororo wa oksijeni. Mnyororo ukikatwa, molekuli za mafuta hazishikani. Matokeo yake ni vanishi inayonata wiki nzima.

Yaani kile kile ulichokilipia, mbao isiyoliwa na mchwa, ndicho kinachoigomea vanishi. Mtiki nao una mafuta yake ya asili yanayoweza kuleta usumbufu. Paini kwa kawaida haina shida hiyo, ila ni laini, kisigino cha kiatu kinaacha alama.

Uchague nini basi?

Jiulize maswali matatu.

*Mbao ni ipi?* Kama ni mvule au mtiki, futa uso wa mbao kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka, kisha weka tabaka jembamba la shelaki iliyotolewa nta. Shelaki haihitaji oksijeni, kwa hiyo mvule hauna cha kuizuia, na inakuwa ukuta kati ya kemikali za mbao na vanishi ya juu. Usiiache shelaki peke yake sakafuni: pombe ikimwagika inayeyuka, na maji ya moto yanaiachia alama nyeupe. Njia nyingine ni poliyurethani ya maji. Hii inashikana maji yanapotoka na chembe zake kukaribiana, haisubiri oksijeni.

*Nani anapita hapo?* Adui mkubwa wa sakafu ni mchanga, kuliko hata maji. Mchanga mwingi ni kwatzi, ambayo ni ngumu kuliko vanishi yoyote, hivyo kila kiatu ni msasa. Sebule ya watoto na wageni inahitaji ngozi ngumu ya poliyurethani, pamoja na mkeka mlangoni.

*Ikiharibika utairekebishaje?* Poliyurethani inakaa juu ya mbao. Ikichubuka, kiraka huonekana, na mara nyingi itabidi upige msasa chumba kizima. Mafuta na nta vinaingia ndani ya mbao. Vinachakaa haraka zaidi, lakini sehemu iliyochoka unaipaka tena hiyohiyo, jioni moja tu.

Vyovyote utakavyochagua, jaribu kwanza kwenye kona, nyuma ya kabati. Subiri siku mbili tatu. Kona ikinata, umeokoa chumba.

Na kama tayari sakafu nzima inanata? Fungua madirisha, ipe hewa siku chache zaidi. Ikigoma kabisa, ikwangueni, ifuteni kwa tina, muanze upya na shelaki. Kuongeza tabaka jingine juu ya lile linalonata ni kuficha tatizo.

Usitupe vile vitambaa

Hili ndilo jambo ambalo tungependa ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Mafuta yanapovuta oksijeni yanatoa joto. Sakafuni joto linapotea hewani, hulisikii. Lakini vitambaa vilivyolowa mafuta vikirundikwa kwenye pipa, joto linakosa pa kutokea, linaongeza kasi ya kemia, kasi inaongeza joto, na baada ya saa kadhaa vinawaka bila kiberiti.

Tarehe 23 Februari 1991, vitambaa vya mafuta ya kitani vilivyotumika kusafishia mbao viliwasha moto kwenye ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza, Philadelphia, Marekani. Jengo lilikuwa na ghorofa 38. Zima moto watatu walifariki, na moto ulikuja kuzuiwa ghorofa ya 30, penye mfumo wa kunyunyiza maji.

Kwa hiyo kazi ikiisha, vitandaze vitambaa kimoja kimoja nje, visigusane, mpaka viwe vikavu na vigumu. Au vizamishe kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

Na fundi? Mlipe. Ila mwambie habari ya mvule, pengine na yeye amekuwa akilaumiwa miaka yote bila kujua kwa nini.