Sungura wa London, nyani wa Darajani: Historia ya vita dhidi ya majaribio ya wanyama

ANAYEPEKUA marobota ya fulana katika soko la Gikomba jijini Nairobi hukutana na maandishi ya kila aina: majina ya vyuo asivyovijua, ya mbio za hisani zilizokimbiwa miaka mingi iliyopita katika miji ya ng'ambo, na ya vyama ambavyo huenda vilikwisha kuvunjwa. Mara mojamoja huweza kutokea fulana yenye picha ya sungura anayeruka, au ya tumbili aliye nyuma ya vyuma, na chini yake maneno ya kutaka wanyama waondolewe maabarani. Mchuuzi ataikagua kola na mishono. Ikiwa haina doa, ataitenga pamoja na nguo za daraja la juu zinazoitwa "kamera" sokoni. Ikiwa imechakaa, ataitupa kwenye lundo la "fagia". Maandishi hayamhusu.

Hata hivyo, ujumbe huo una historia ya takriban miaka 150, na sehemu ya historia hiyo haikutendeka London wala New York. Ilitendeka katika nyika ya Ukambani, katika mitego ya wanyama nchini Uganda, katika msitu wa Oloolua ulioko Karen, na, kwa namna isiyotarajiwa, katika mtaa wa Majengo, Pumwani, mwendo mfupi tu kutoka vibanda vya Gikomba.

Tuanze Uingereza, kwa kuwa huko ndiko harakati hizi zilikozaliwa. Katika karne ya 19 wanasayansi wa Ulaya walizoea kuwapasua mbwa, paka na sungura wakiwa hai ili kuchunguza mwendo wa damu na kazi ya neva. Mwaka 1875, Frances Power Cobbe, mwanamke aliyekuwa pia mtetezi wa haki za wanawake, aliunda chama cha kwanza cha kupinga upasuaji huo. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyomtaka kila mtafiti awe na leseni. Cobbe aliiona sheria hiyo kuwa ngao ya watafiti na wala si ya wanyama. Mwaka 1898 alianzisha chama kingine, BUAV, kilichodai majaribio yakomeshwe kabisa.

Mzozo uliopamba moto kupita yote ulimhusu mbwa mmoja wa rangi ya kahawia. Mwaka 1903 wanafunzi wawili wa kike kutoka Uswidi waliokuwa wakihudhuria mihadhara mjini London walidai kwamba mbwa huyo alipasuliwa mbele ya darasa bila ya kutiwa ganzi ya kutosha. Mhadhiri, William Bayliss, alimshtaki kwa kumharibia jina kiongozi mmoja wa wanaharakati aliyeyarudia madai hayo hadharani, akashinda kesi na kulipwa fidia ya pauni 2,000. Wanaharakati hawakunyamaza. Mwaka 1906 walimjengea mbwa yule sanamu katika mtaa wa Battersea, mtaa wa wafanyakazi. Wanafunzi wa udaktari walikasirika, na mwaka 1907 wakapambana na polisi barabarani wakitaka sanamu ivunjwe. Mwaka 1910 baraza la mtaa liliamuru iondolewe, ikang'olewa usiku chini ya ulinzi wa polisi. Sanamu nyingine ilisimamishwa mwaka 1985.

Msomaji anaweza kujiuliza: kwa nini wakazi wa mtaa wa kazi wamlilie mbwa? Jibu moja ni kwamba walijiona ndani yake. Maskini wa London walitibiwa katika hospitali za hisani ambamo wanafunzi walijifunzia kazi, na wengi waliogopa kwamba anayezoea kumkata mnyama asiye na sauti hatachelewa kumfikia mtu asiye na fedha. Hofu hiyo tutaikuta tena tutakaporejea Majengo.

Mwelekeo ulibadilika baada ya maafa yaliyosababishwa na bidhaa ambazo hazikujaribiwa. Nchini Marekani, katika miaka ya 1930, rangi ya kupaka kope iliyoitwa Lash Lure iliwapofusha wanawake kadhaa. Mwaka 1937 dawa ya maji iliyochanganywa na kemikali yenye sumu iliua zaidi ya watu 100, wakiwemo watoto. Mtengenezaji hakuwa ameijaribu kwa kiumbe chochote. Sheria ya mwaka 1938 ikawataka watengenezaji wathibitishe usalama wa dawa kabla ya kuiuza, na njia iliyokuwapo ya kuthibitisha ilikuwa mnyama. Mwaka 1944 John Draize, mwanasayansi wa serikali, aliweka utaratibu wa kutia kemikali katika jicho la sungura na kuhesabu madhara yake siku baada ya siku.

Jicho hilo la sungura ndilo lililowapa wanaharakati ushindi wao mkubwa. Henry Spira, aliyewahi kuwa baharia na mwalimu jijini New York, alielewa kwamba ni vigumu kumshawishi mzazi akatae chanjo, lakini ni rahisi kumuuliza kama rangi ya mdomo inafaa kumpofusha kiumbe. Aprili 1980 alichapisha tangazo la ukurasa mzima katika gazeti la New York Times likiilenga kampuni ya vipodozi ya Revlon. Kampuni hiyo ilikubali kutoa dola 750,000 kwa utafiti wa mbinu mbadala, na nyingine zikafuata. Uingereza iliacha kuwajaribia wanyama vipodozi mwaka 1998. Umoja wa Ulaya ulizuia majaribio ya bidhaa zilizokamilika mwaka 2004, ya viambato mwaka 2009, na kuanzia Machi 2013 ukazuia hata uuzaji wa vipodozi vipya vilivyojaribiwa kwa wanyama. India ilifuata mwaka 2014.

Hiyo ndiyo asili ya sungura anayeonekana kwenye baadhi ya chupa za losheni na kwenye zile fulana za mitumba. Hapa kwetu hoja ina sura nyingine. Mwanamke wa Nairobi anayenunua krimu ya kujichubua yenye zebaki au haidrokwinoni, ambazo Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) limezipiga marufuku, hana haja ya kuuliza ilijaribiwa kwa nani. Inajaribiwa kwake.

Tukigeukia dawa na chanjo, Afrika Mashariki inaingia moja kwa moja. Chanjo ya polio iliyoidhinishwa mwaka 1955 ilikuzwa katika chembechembe za figo za kima, na mahitaji ya wanyama hao yakapanda ghafla. Tumbili wa Uganda walikamatwa na kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Agosti 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani, na Belgrade nchini Yugoslavia, walishikwa na homa ya kutokwa damu ambayo hakuna daktari aliyeijua. Saba walifariki. Virusi hivyo viliitwa Marburg, kwa jina la mji viliposhambulia, ingawa vilikuwa vimesafiri na tumbili kutoka Uganda. Tukio hilo liliwapa wapinzani hoja mpya: biashara ya nyani wa mwituni haimdhuru mnyama peke yake.

Kenya nayo ilitoa nyani. Katika miaka ya 1960 nyani walionaswa nchini, wakiwemo wa eneo la Darajani kando ya reli ya Mombasa, walipelekwa San Antonio, Texas, na vizazi vyao vikawa msingi wa kundi kubwa la nyani wa utafiti wa magonjwa ya moyo na ya kurithi. Kwa wakulima wa sehemu hizo nyani ni mwizi wa mahindi, na sidhani kuna aliyemsikitikia alipotiwa kwenye tundu. Yapata wakati huohuo Dkt Louis Leakey alianzisha kituo cha utafiti wa nyani huko Tigoni, Limuru. Kituo hicho baadaye kilihamia Karen, na leo kinajulikana kama KIPRE. Watafiti wake wamechunguza kichocho, malaria na magonjwa ya uzazi ya wanawake kwa kuwatumia nyani, kwa kuwa nyani hupatwa na baadhi ya maradhi hayo kwa jinsi inayokaribiana na ya binadamu.

Mwaka 2012 harakati za London zilifika Karen. BUAV ilifichua kwamba wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Newcastle walikuwa wamekuja Nairobi kufanya majaribio ya ubongo kwa nyani waliokamatwa mwituni. Uingereza ilikuwa imezuia matumizi ya nyani wa aina hiyo tangu miaka ya 1990, isipokuwa kwa idhini ya pekee. Chuo kilijitetea kwamba nyani walishughulikiwa kwa viwango vinavyokubalika Uingereza. Wapinzani wakauliza: ikiwa viwango ni vilevile, kwa nini kazi isifanyike Newcastle?

Swali hilo ndilo zito kuliko yote, na halimwachi salama hata mwanaharakati. Kila mlango unapofungwa Ulaya, lazima mtu aulize kazi iliyokuwa nyuma yake imehamia wapi. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ni ya mwaka 1962, kabla ya uhuru. Inataka majaribio yafanywe kwa leseni, kwa mtindo uleule wa Uingereza ya 1876 ambao Cobbe aliukataa. Sheria ya utafiti ya mwaka 2013 imeongeza kibali cha tume ya kitaifa, NACOSTI, na taasisi zina kamati zao za maadili. Lakini umma hauzisikii kamati hizo zikijadiliana. Chama cha kutetea wanyama, KSPCA, chenye mizizi ya mwaka 1910, kinajulikana zaidi kwa kuokoa punda, mbwa na farasi. Hilo linaeleweka: punda anayepigwa barabarani huonekana na kila mpita njia, ilhali nyani wa maabara yuko nyuma ya ukuta.

Sasa turudi Majengo. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, wamekuwa wakiwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono katika mtaa huo, katika zahanati ambamo Profesa Elizabeth Ngugi alikuwa nguzo. Wengi wa wanawake hao waliambukizwa virusi vya Ukimwi. Wachache, licha ya kukutana na virusi mara kwa mara kwa miaka mingi, hawakuambukizwa. Damu yao iliwapa wanasayansi wa Nairobi na Oxford wazo la chanjo. Chanjo hiyo ilijaribiwa kwanza kwa panya na kima, ikaamsha kinga. Mwaka 2000 ikatiwa kwa watu wa kujitolea Oxford, na mwaka 2001 Nairobi, chini ya mpango wa KAVI uliosimamiwa na Profesa Job Bwayo. Kufikia mwaka 2004 ilikuwa wazi kwamba kinga iliyoamshwa kwa binadamu ilikuwa dhaifu, na mpango ukasitishwa.

Pande zote mbili huweza kuitumia hadithi hii. Mpinzani atasema: panya na kima waliahidi, mwili wa binadamu ukakana, ya nini basi kuwaua? Atakumbusha pia thalidomide, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na ulemavu, ijapokuwa ilikuwa imejaribiwa kwa wanyama. Mtafiti atajibu kwamba thalidomide haikujaribiwa ipasavyo kwa wanyama wenye mimba, na kwamba wale waliojitolea Nairobi hawakudhurika kwa sababu mengi kuhusu usalama yalikuwa yamejulikana mapema. Ataongeza kwamba kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizoandikwa baada ya ukatili wa madaktari wa Hitler kwa wafungwa, zinataka jaribio la binadamu litanguliwe na la mnyama. Kanuni hiyo iliandikwa ili maskini na mfungwa wasiwe wa kwanza.

Mimi sioni kwamba jibu la mtafiti ni la kupuuzwa na mtu anayeishi Eastlands. Mbinu mbadala zinakua kwa kasi: chembechembe za binadamu zinazokuzwa maabarani, vipande vidogo vinavyoiga kazi ya ini au pafu, na hesabu za kompyuta. Mwishoni mwa mwaka 2022 Marekani ilifuta sharti la lazima la kujaribu dawa mpya kwa wanyama, na Aprili 2025 mamlaka yake ya dawa ikatangaza mpango wa kuyapunguza majaribio hayo hatua kwa hatua, ikianza na aina moja ya dawa za kinga. Mnyama akiondolewa na kompyuta ikachukua nafasi yake, na matokeo yakawa sahihi zaidi, kila mtu amepata. Akiondolewa kabla kompyuta haijawa tayari, foleni ya majaribio husogea mbele kwa nafasi moja, na anayesimama nafasi hiyo ni mtu.

Katika foleni hiyo wanawake wa Majengo wamekwisha kusimama kwa zaidi ya miaka 35, wakitoa damu mwaka baada ya mwaka. Chanjo ya Ukimwi bado haijapatikana.