Mtungi wa Leo Umo Mlangoni mwa Friji

Katika baadhi ya nyumba zetu za pwani, mgeni hakaribishwi tena kwa maji ya mtungini. Huletewa gilasi iliyojazwa kwenye kibomba kilichomo mlangoni mwa friji, maji yakiwa baridi na vipande vya barafu vikigongana ndani yake, naye hushukuru na kunywa bila ya kuuliza neno. Ni neema, hasa katika miezi ya kaskazi na katika Ramadhani, pale adhana ya magharibi inapomkuta mtu na koo kavu.

Bibi zetu waliutunza mtungi. Uliwekwa kivulini, ukafunikwa, ukachotwa kwa kata isiyotumika kwa kazi nyingine, tena ukaoshwa na kufukizwa ubani kabla ya kutiwa maji mapya. Friji imeirithi kazi ya mtungi, ila matunzo yake hayakurithiwa. Twadhani kwamba kwa kuwa maji yatoka baridi, basi yametoka safi. Hapana budi tuseme waziwazi: baridi haisafishi maji. Vijidudu vya homa ya matumbo na vya kipindupindu huzubaa kwa baridi, lakini havifi vyote hata maji yakigeuka kuwa barafu, na barafu ikiyeyuka ndani ya gilasi vilivyosalia vinywewa pamoja nayo. Kilichotiwa ndani ndicho kitokacho.

Mashine hizi ziko za aina mbili, na si vyema mtu kununua kabla ya kujua ni ipi inayoifaa nyumba yake. Aina moja huunganishwa na bomba la nyumba kwa mpira mwembamba. Nyingine ina tangi dogo la plastiki, la lita chache tu, lililopachikwa nyuma ya mlango, nalo hujazwa kwa mkono.

Ile ya bomba huwavutia wengi kwa kuwa haina kazi ya kujaza. Lakini yahitaji maji yanayosukuma. Nyingi hutaka presha isiyopungua bar 1.4, na nyingine zaidi ya hapo. Sasa tazameni hali yetu: maji ya mfereji huja kwa zamu, hupandishwa kwa pampu hadi tangi la juu ya dari, kisha hushuka jikoni. Kila mita moja ya kimo huzaa presha ya takriban bar 0.1. Anayeishi orofa ya juu kabisa, tangi likiwa mita 3 tu juu ya kichwa chake, hupata bar 0.3, na kibomba chake kitadondoka kama jicho lenye mafua. Jirani yake wa chini huenda akafaidika kwa friji ileile. Hii ndiyo sababu twaipendelea ile ya tangi la mkono kwa nyumba zetu nyingi. Ni rahisi kuiosha, na mwenye nyumba huyaona kwa macho yake maji anayoyatia.

Tena friji ya bomba ina chujio, nalo limewadanganya wengi. Chujio la kawaida la friji hutengenezwa kwa makaa maalumu. Huzuia taka na huondoa harufu na ladha ya klorini, na aghalabu halikukusudiwa kuua vijidudu. Klorini yenyewe ndiyo mlinzi wa maji yale; akisha kuondolewa, maji yaliyobaki kwenye mipira na katika kihifadhio cha ndani hulala bila ya mlinzi. Kwa hiyo chujio hubadilishwa kila baada ya miezi 6 au kama kijitabu cha friji kinavyoagiza, hata kama maji bado yana ladha nzuri. Likisha kubadilishwa, maji ya mwanzo humwagwa, lita kadhaa, mpaka yatoke bila ya unga mweusi wala mapovu ya hewa.

Turudi kwenye tangi la mkono. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai kutiwa humo: si matamu, tena huacha magaga meupe yanayoziba kibomba. Maji ya madumu yaletwayo kwa mkokoteni huenda yakawa matamu, lakini utamu si usafi. Yachemsheni mpaka yatokote kwa dakika moja kamili, yafunikeni yapoe, ndipo yatiwe. Yakitiwa ya moto plastiki hupinda. Wala msitie sharubati, chai ya barafu au soda. Watoto hupenda sana jambo hili, lakini sukari hunasa katika njia za maji, ikawa ni karamu kwa ukungu na sisimizi.

Tangi lioshwe kila wiki. Litoeni lote, pamoja na kifuniko na kile kipande cha kibomba kinachofunguka, muoshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na sponji laini isiyosugulia sufuria, kisha msuuze mpaka harufu ya sabuni iondoke. Mkiona magaga, siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, ikiachwa nusu saa, hulegeza mengi. Pitisheni kidole mdomoni mwa kibomba kwa ndani: kikitoka na utelezi, basi ute ule ndio mliokuwa mkiwanywesha wageni. Kisahani cha chini kinachopokea matone nacho kikaushwe kila siku, kwani katika unyevu wa hewa yetu ukungu hauchelewi. Na kile kifuniko kidogo cha kutilia maji, ambacho hupotea wiki ya kwanza, kitafuteni. Sote tumefundishwa kufunika vyombo vya maji usiku, na hiki pia ni chombo.

Kazi hii, kwa maoni yetu, wapewe wavulana. Wao ndio wanaobonyeza kibomba mara ishirini kwa siku.

Ama barafu, ina maradhi yake. Hunyonya harufu, kwa hiyo samaki aliyewekwa wazi kwenye sehemu ya kugandishia atasikika kwenye gilasi ya maji. Umeme ukikatika, vipande huyeyuka kidogo, na ukirudi hushikana vikawa jiwe moja, kisha mashine huunguruma bila ya kutoa kitu. Msichokoe kwa kisu, kwani plastiki hupasuka na mkono hukatika. Toeni kisanduku chote, mwageni barafu ile, muoshe, mkaushe kabisa ndipo mkirudishe. Joto la sehemu hiyo liwe nyuzi 18 chini ya sifuri, na la sehemu ya chakula nyuzi 3 hadi 5. Mkizidisha baridi, katika baadhi ya friji mpira wa maji huganda, watu wakadhani mashine imekufa.

Familia inayosafiri kwenda Umra au kijijini kwa wiki mbili na zaidi imwage tangi, ilikaushe na kuliacha wazi, na barafu itolewe. Wenye friji ya bomba wafunge valvu ya ukutani. Mkirudi, osheni kwanza, mwageni gilasi kadhaa za mwanzo, na barafu ya siku ya kwanza mwagieni miti uani.