Mkazo wa Joto kwa Wapulizaji wa Dawa Ukoko: Mfano wa Puta na Mwambao wa Ziwa Mweru

1.0 Utangulizi

Puta, katika nchi ya jadi ya Wabwile, ipo kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Jimbo la Luapula. Jimbo hilo ni miongoni mwa yale yanayolemewa zaidi na malaria nchini Zambia. Katika Wilaya ya Nchelenge, ambako mbu wa jamii ya Anopheles funestus ndiye mwambukizaji mkuu, nyumba zilizolengwa zilipuliziwa dawa ukoko ya pirimifosi-methili kati ya 2014 na 2016. Mijadala kuhusu kampeni za namna hii huwahusu zaidi mbu na wenye nyumba. Makala haya yanamhusu mpulizaji, na yanafafanua namna mavazi yanayomkinga na sumu yanavyomweka katika hatari ya joto.

2.0 Chanzo cha Mkazo wa Joto

Msuli unaofanya kazi hugeuza takribani robo tu ya nishati yake kuwa kazi. Sehemu inayobaki huwa joto. Joto hilo huondoka mwilini hasa jasho linapokauka juu ya ngozi: lita moja ikikauka huondoa takribani kilokalori 580. Jasho linalotiririka ndani ya nguo bila kukauka humpotezea mfanyakazi maji bila kumpoza.

Mpulizaji huvaa ovaroli ya mikono mirefu, glavu za mpira, buti, barakoa, kofia na kinga ya uso, huku amebeba bomba lenye lita 8 hadi 10 za dawa katika vyumba visivyo na upepo. Kalenda nayo humwongezea mzigo. Dawa hutakiwa iwe ukutani kabla ya mvua kukolea, hivyo kazi huangukia miezi ya Septemba hadi Novemba, na Oktoba ndicho kilele cha joto.

Aina ya kitambaa ina uzito wake. Kiwango cha kimataifa ISO 7243 hakiongezi chochote kwenye kipimo cha joto la mazingira kwa ovaroli ya kawaida ya kitambaa, lakini huongeza nyuzi 11 za Selsiasi kwa ovaroli yenye kofia isiyopitisha mvuke.

3.0 Dalili Zinazofanana

Pirimifosi-methili ni oganofosfeti. Huzuia kimeng'enya cha kolinesterasi. Anayedhurika nayo huumwa kichwa, hutoka jasho jingi, huona kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Aliyezidiwa na joto huonyesha dalili hizo hizo. Vitofautishi vipo: sumu husinyaza mboni za macho, huzidisha mate na machozi, na hutetemesha misuli.

Kukosea hapa kuna gharama. Atropini, dawa ya sumu hiyo, hukausha jasho. Akipewa mgonjwa wa joto, huzuiwa kupoa. Aidha, ngozi yenye joto na jasho hupitisha sumu kwa urahisi zaidi, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na matatizo yote mawili. Hatua za kwanza ni zile zile kwa hali zote mbili: kumhamishia kivulini, kumvua mavazi, kumwosha kwa maji mengi na sabuni, kisha kumfikisha kituo cha afya pamoja na jina la dawa aliyokuwa akipulizia.

4.0 Kanuni Zinazogongana

Kanuni za joto humtaka mfanyakazi anywe kikombe cha maji kila baada ya dakika 15 hadi 20. Kanuni za viuatilifu humkataza kula au kunywa kabla ya kunawa mikono na uso. Pasipokuwa na maji ya kunawa karibu, hubaki ama na kiu ama na glavu zenye sumu mdomoni. Lengo la siku likihesabiwa kwa idadi ya nyumba pekee, mapumziko huonekana kuwa uzembe.

Isitoshe, wapulizaji ni vibarua wa msimu, na mwili uliozoea joto hupoteza uzoefu huo katika majuma machache. Mwongozo unaotumiwa na wataalamu wa afya kazini humpangia mgeni asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza, na nyongeza isiyozidi asilimia 20 kila siku inayofuata.

5.0 Hitimisho

Sumu na joto havina budi kupangiwa kinga kwa pamoja. Kuanza kazi alfajiri, kituo chenye kivuli, maji na sabuni, na mapumziko yanayohesabiwa kuwa muda wa kazi ni sehemu ya vifaa vya kinga sawa na glavu. Vikikosekana, mpulizaji atashusha barakoa ili apumue, na kinga yote itakuwa imevuliwa.