Mtoto anayejikwaa gizani apimwe retina

Mtoto anayejikwaa kila giza linapoingia mara nyingi huitwa mzembe. Huenda tatizo liko kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho wenye seli za neva zinazopokea mwanga na kupeleka taarifa kwenye ubongo.

Katika ugonjwa wa kurithi uitwao retinitisi pigmentosa, seli za kuonea gizani hufa kwanza. Kisha uwezo wa kuona pembeni hupungua, mpaka mgonjwa anaona kama anachungulia kwenye bomba. Kwa wazee, retina huchakaa zaidi katikati: mistari iliyonyooka huonekana imepinda na sura za watu hufifia. Uvutaji wa sigara huongeza hatari hiyo.

Seli hizo zikifa, mwili hauoteshi nyingine. Ndiyo maana watafiti wanatafuta njia za kuziokoa zingali hai. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha Luxturna, tiba inayopeleka kwenye retina nakala isiyo na kasoro ya jeni ya RPE65. Hutolewa tu kwa mwenye kasoro katika jeni hiyo ambaye bado ana seli hai za kutosha.

Kwa hiyo mzazi, usisubiri. Kutoona gizani kunaweza pia kutokana na upungufu wa vitamini A, ambao hutibika. Mpeleke mtoto kwa daktari wa macho, na umweleze kama kuna ndugu katika ukoo aliyepoteza uwezo wa kuona. Mzee akianza kuona mistari imepinda, naye aende haraka. Baadhi yao husaidiwa na sindano za jicho.