Je, Wajua Kichupa cha Mate Kinaishia Wapi?

Kampuni zinazouza vipimo vya DNA vya kutumia nyumbani huwaonya wateja waliowahi kupandikizwa uboho wasitume mate yao. DNA inayosomwa kwenye mate hutoka kwa seli za ndani ya shavu na chembe nyeupe za damu zilizomo humo, na kwa mtu aliyepandikizwa uboho, chembe hizo ni za aliyemchangia. Mwanamke aliyepewa uboho na kaka yake anaweza kuletewa majibu yenye kromosomu Y. Mashine itakuwa imesoma sawasawa kile ilichopewa.

Jambo linalofanana na hilo huwapata baadhi ya huntha, yaani watu waliozaliwa na maumbile ya kijinsia yasiyoingia moja kwa moja upande wa kike wala wa kiume. Wapo wenye seli za aina mbili: nyingine zina X moja tu, nyingine zina X na Y. Uwiano wa seli hizo kwenye damu waweza kuwa mwingine kabisa na ule wa kwenye tezi za uzazi, na hakuna atemaye mate yenye seli za tezi za uzazi.

Kichupa chenyewe cha mate kilianza kupata umaarufu mwaka 2007, kampuni ya 23andMe ya California ilipoanza kuuza vipimo vyake. Mate yakifika maabara, DNA hupakwa kwenye chipu inayokagua sehemu laki sita hivi, kati ya herufi bilioni 3 za vinasaba vya binadamu. Ni kama kusoma riwaya kwa kuokota herufi moja kila baada ya kurasa mbili. Herufi hizo zimechaguliwa kwa sababu watu wengi hutofautiana hapo, ndiyo maana kichupa ni hodari wa kutafuta binamu waliopotea na kukisia asili ya ukoo. Kwa kazi hiyo sina ugomvi nacho.

Tatizo huanza mtu anapokiuliza swali la aina nyingine. Chukua XXY, yaani mwanamume mwenye kromosomu X ya ziada, hali iliyoelezwa na daktari Harry Klinefelter huko Boston mwaka 1942. Kromosomu yenyewe ya ziada ilionekana mwaka 1959, Patricia Jacobs na John Strong walipoitazama kwa hadubini huko Edinburgh. Humpata takriban mvulana mmoja kati ya 600, na wengi hawajui mpaka wanapohangaika kupata mtoto. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019, ya kwanza Afrika kuwahesabu huntha, ilipata watu 1,524. Kwa hesabu ya mmoja kwa 600, wenye XXY peke yao nchini humo wangekaribia elfu arobaini. Wataalamu hawakubaliani kama XXY iwekwe katika kundi la huntha, lakini pengo hilo linaonyesha ni wangapi wanaoishi bila kujua.

Je, chipu ingewaambia? Dalili zake zimo ndani ya data: herufi mbili tofauti kwenye X, na juu yake herufi za Y. Ila programu nyingi za kampuni hizi zimepangwa kwa majibu mawili, kike au kiume, na kazi yake kubwa kwenye jinsia ni kuhakikisha sampuli hazikuchanganywa. Data isiyolingana na ulichojaza kwenye fomu huweza kuhesabiwa kuwa hitilafu. Wengine basi hupakua data ghafi na kuisoma wenyewe, na hapo ndipo pa kuogopa. Mwaka 2018 maabara ya Ambry Genetics ya Marekani ilichapisha matokeo ya kurudia kupima mabadiliko ya jeni yaliyoripotiwa kwenye data ghafi za namna hiyo: asilimia 40 hayakuwepo kabisa.

Hali nyingine chipu haina hata pa kuzishika. Mwanamke mwenye XY ambaye mwili wake hauitikii kabisa homoni ya kiume huzaliwa na umbo la kike, huota matiti, ila haoni hedhi, na korodani zake zimo ndani. Chanzo ni jeni ya AR, na mabadiliko yake yanayojulikana yanazidi elfu moja, mengi yakiwa ya familia moja moja. Jeni ya CYP21A2, ambayo ikiharibika huvuruga tezi za adrenali, ina jirani mbovu anayefanana nayo karibu kila herufi, hivyo usomaji wa juu juu hauzitenganishi. Na Kusini mwa Afrika, wengi wa waliozaliwa na tishu za ovari na za korodani kwa pamoja wana XX, bila jeni ya SRY inayoanzisha korodani. Kichupa kitaandika «kike» na kunyamaza.

Tusidhani kasoro hii ni ya bidhaa za dukani tu. Kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 wanawake 3,387 walipimwa. Wanane walikutwa na SRY, saba kati yao wakiwa na miili isiyoitikia homoni ya kiume, kikamilifu au kwa kiasi. Wote wanane waliruhusiwa kushindana, na baadaye kipimo kikaachwa. Mwaka 2025 shirikisho la riadha duniani, World Athletics, lilikirudisha, ingawa Andrew Sinclair, mmoja wa walioigundua jeni hiyo London mwaka 1990, amepinga hadharani.

Kliniki hufuata njia ndefu zaidi. Kromosomu za seli 20 au 30 za damu huhesabiwa moja moja chini ya hadubini, homoni hupimwa, tumbo hupigwa picha ya mawimbi ya sauti, kisha jeni zinazoshukiwa husomwa herufi kwa herufi, na bado kwa wengi wenye XY chanzo hakipatikani. Lakini kabla ya hayo yote daktari mzuri huuliza. Upande wa mama kuna mama mkubwa au mama mdogo ambaye hakuwahi kuona hedhi? Kuna watoto wachanga waliotapika, wakakauka, wakafa wiki za mwanzo? La kwanza huelekeza kwenye AR, la pili kwenye CYP21A2, na mara nyingi mwenye majibu ni bibi.