Uzi Mmoja Watosha Mtaa Mzima

Mpita njia katika mitaa mingi ya Nairobi na ainue macho. Mlingoti mmoja wa stima aghalabu umebeba nyaya za kampuni tatu au nne za intaneti, zimesokotana mithili ya kiota cha ndege asiyejua kujenga. Kila kampuni imevuta waya wake, na zote zaelekea lango lile lile. Mtaa wa jirani, wenye wapangaji wa kipato cha chini, huenda haujaona hata waya mmoja.

Ajabu ni kwamba teknolojia yenyewe imejengwa juu ya kushirikiana. Uzi wa fiba (Watanzania huuita mkongo, nami nawaonea gere kwa neno hilo) ni kioo chembamba kama unywele kipitishacho mwanga. Uzi mmoja kutoka kituoni hufika kwenye kisanduku cha mtaani, nacho huugawa mwanga huo kwa nyumba 32, pengine 64, bila kutumia stima. Katika mfumo ulioenea sana, GPON, uzi huo hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kwenda majumbani na 1.25 kurudi. Data ya jirani yako hufika hadi kwako, ila imefungwa kwa msimbo wa siri, na kifaa chako huchukua iliyo yako tu. Katika kurudi, kila nyumba hupewa zamu yake ya kusema, tena zamu fupi mno. Sisi tunaochunguza mazungumzo twajua jinsi binadamu wanavyotatizika kupeana zamu. Vifaa hivi havikatizani kauli.

Basi ikiwa nyumba 32 zaweza kutumia uzi mmoja, iweje kampuni tatu zishindwe? Jiji la Stockholm, nchini Uswidi, liliunda kampuni yake, Stokab, mwaka 1994. Kampuni hiyo hutandaza nyuzi na kuzikodisha kwa wauzaji wote. Yenyewe haimuuzii mwananchi intaneti. Wauzaji hushindana kwa bei na huduma, si kwa kuchimba mitaro.

Nasi si wageni wa ushirika wa namna hii. Waya wa TEAMS, uliofika Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009, uligharimiwa kwa ubia wa serikali yetu, Etisalat ya Falme za Kiarabu na kampuni za mawasiliano za humu nchini, baadhi yazo mahasimu sokoni. Walikubaliana baharini, nchi kavu kila mtu na waya wake.

Wapo watakaosema kwamba mmiliki mmoja huzembea, na uzi wake ukikatika mtaa wote hukosa mawasiliano. Hoja hiyo ina uzito, na yahitaji sheria kali ya muda wa matengenezo. Hata hivyo, nyaya nne zilizo juu ya mlingoti mmoja huanguka pamoja lori linapougonga, na gharama ya kuzivuta mara nne humrudia mteja katika ankara ya kila mwezi.

Serikali za kaunti ndizo hutoa vibali vya kuchimba kando ya barabara zao. Kabla ya kutia sahihi kibali kingine, zimuulize mwombaji: uzi ulioko tayari umejaa?